Mdogo Wangu, Mheshimiwa Waziri

9 Machi

Mdogo wangu Kimya,

Najua ungeanza na shikamoo, kwa hiyo marahaba.

Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua, hasa asubuhi, lakini mdomo wake hauna shida yoyote. Shemeji yako bado yuko pale chuo cha ufundi, anafundisha vijana kutengeneza viti ambavyo yeye mwenyewe hakubali kuvikalia. Mimi niko wodi ya wazazi kama siku zote. Juzi mama mmoja alijifungua mapacha watatu, na baba yao alipoambiwa alitafuta mahali pa kukaa, akakalia ndoo.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inapokelewa na vijana wanaoniuliza mimi ni nani kwako, kisha wananiambia afande yuko kikaoni. Ulipokuwa chuo cha polisi tulizoea barua. Basi turudi kwenye barua.

Picha yako tumeiona. Ilikuwa ukurasa wa mbele: wewe umesimama kwenye lango la kiwanda cha nguo, kofia ya chuma umeivua umeishika mkononi, wafanyakazi wanawake mbele yako, na askari wako nyuma wameinamisha bunduki. Gazeti limeandika kwamba uliamriwa uwatawanye kwa risasi ukakataa. Kwamba ulisema huwezi kuwapiga watu wanaolilia wenzao walioungulia ndani kwa sababu milango ilifungwa kwa kufuli. Pale hospitali nimepongezwa kama vile kofia niliivua mimi. Daktari mkuu, ambaye kwa miaka yote ameniita "sista wa kule mwisho", amenipa mkono.

Mama alitaka asomewe mara ya pili. Alipomaliza kusikiliza aliuliza swali moja tu: "Wamemfukuza kazi?" Nikamwambia sijui.

Nami nakuuliza, wamekufukuza? Na ilikuwaje hasa? Gazeti linajua kila kitu isipokuwa kile ninachotaka kukijua mimi, yaani wewe uliwaza nini pale. Wewe si mtu wa kukataa amri. Utotoni Mama akikuambia simama mlangoni usubiri, ulisimama mpaka yeye mwenyewe akasahau kwamba alikuambia.

Msalimie wifi na watoto.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, unisamehe. Wifi yako anawasalimu. Mtoto wa kwanza amefaulu kwenda kidato cha tano, wa pili anasema anataka kuwa rubani, ila juzi alitapika kwenye lifti.

Mwambie Mama hawajanifukuza. Wamenihamishia makao makuu, kitengo kinachoitwa utafiti na mipango. Ni chumba mwisho wa korido, zamani kilikuwa stoo ya sare. Makoti ya mvua bado yametundikwa ukutani na yananuka mpira. Sina wa kumwamrisha isipokuwa karani mmoja, na huyo anafuata mapenzi yake. Nakuja asubuhi, nasoma magazeti, nakunywa chai, narudi nyumbani. Nimeanza kunenepa.

Kuhusu lile la lango, hali ilihitaji busara na busara ikatumika. Magazeti yana maneno yake.

Nina ombi. Msaidizi wangu, ambaye sisi tunamwita Miwani, amehamishiwa mjini kwenu kuwa mkuu wa polisi wa wilaya. Kwenye karatasi wamempandisha, lakini kila mtu anaelewa kwamba wamemweka mbali. Ni mtu wa kuaminika. Yeye na mkewe wana miaka mingi kwenye ndoa na hawajajaliwa mtoto. Wasaidieni kupata nyumba isiyovuja. Mkimkaribisha, zungumzeni mambo ya kawaida. Mambo ya kazi usimuulize, hapendi.

Mdogo wako


17 Julai

Kimya,

Marahaba. Mama anasema kunenepa si vibaya, ila usinenepe usoni.

Wageni wako tumewapokea. Shemeji yako amewapatia nyumba nyuma ya chuo, ina vyumba vitatu na jiko la nje, na amewarekebishia milango bila kumhusisha mwanafunzi yeyote. Huyo Miwani wako nilitegemea awe mtu wa kutisha. Kumbe ni mwembamba, anaongea kwa upole, na akivua miwani anakuwa kama mtu aliyeamshwa. Mkewe ni mshona mapazia. Tumeelewana naye upesi. Anakuja kunisubiri pale wodini nikimaliza zamu, tunatembea pamoja. Kama kuna dada ambaye Mama alininyima, ndiye huyo.

Nimetii ulichosema. Sikumuuliza mambo ya kazi. Lakini siku moja wakiwa kwetu kwa chakula, shemeji yako alianza kukusifu. Unamjua akianza. Alisimulia habari ya lango mwanzo hadi mwisho kana kwamba alikuwepo, akafika pale uliposema maneno yale, akayasema kwa sauti nzito ambayo wewe huna. Miwani alikuwa anaangalia sahani yake. Mkewe akasema anakwenda kuangalia kama maji yamechemka. Hakuna aliyekuwa amebandika maji.

Sijui maana yake. Nakuandikia tu.

Tunasikia kampeni zimepamba moto na kwamba wale wa chama kipya wanatembea na picha yako kwenye mabango. Umewaruhusu?

Dada yako


25 Novemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za Mama? Nilitaka habari hii uisikie kutoka kwangu kabla ya redioni, lakini redio ina mbio kuliko posta.

Rais mpya ameniteua mbunge, na siku ya pili yake akaniteua Waziri wa Mambo ya Ndani. Nimeapishwa Ijumaa. Wifi yako alilia, watoto wakaaibika.

Ofisi iko ghorofa ya saba. Zulia lake ni zito kiasi kwamba sisikii hata hatua zangu mwenyewe. Kuna meza ambayo nikikaa upande mmoja siwezi kufikia upande wa pili. Kuna mzee wa kuleta chai ambaye anabisha hodi hata mlango ukiwa wazi, na anasubiri jibu. Nilimwambia aingie tu, akasema, "Mheshimiwa, mawaziri wanabadilika, mimi hodi yangu sibadilishi." Wakuu walioniweka kwenye stoo ya makoti sasa wananipigia saluti kwenye ngazi. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi, lakini siwezi kusema sikufurahi.

Kuna mengi ya kufanya. Nataka vituo vya polisi viwe na vyoo. Nataka askari apate likizo yake. Haya ni mambo niliyoyaona kwa macho yangu tangu nikiwa koplo, na sasa kalamu iko mkononi mwangu.

Nimepewa nyumba kubwa yenye bustani. Naomba Mama aje akae nasi. Kuna daktari wa karibu na kuna watu wa kumhudumia. Mwambie vizuri, usimwambie kwa ule mtindo wako wa kumwonyesha kwamba jibu unalijua.

Mdogo wako


15 Januari

Mheshimiwa mdogo wangu,

Marahaba, na hongera. Shemeji yako amenipa cheo na mimi. Akitaka chumvi anasema, "Dada wa Waziri, naomba nipitishie."

Mama hatakuja. Nilimwambia vizuri kabisa. Akauliza, "Hiyo bustani nitaipalilia mimi?" Nikasema kuna watu wa bustani. Akasema basi hana cha kufanya huko. Ila amefurahi kwamba umemwita, maana ameshawaambia majirani wote kwamba amekataa.

Mlango wetu sasa una foleni. Huyu anataka mwanawe aingie polisi, yule anataka mumewe atoke rumande, mwingine ameleta kuku. Nawapa kiti na maji, na kuku namrudisha.

Mke wa Miwani ana mimba. Amevuka miezi ya hatari na mimi mwenyewe nampima. Miwani alipoambiwa alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena akaifuta.

Sasa neno lililonikalisha kuandika. Unaukumbuka mtaa wa reli, zile nyumba za mabati kando ya njia ya treni ya zamani. Watu wameambiwa wahame ifikapo mwezi wa tatu, kwamba pale itajengwa stendi mpya ya mabasi. Wameonyeshwa kiwanja cha kuhamia, kiko mbali, hakina maji, na mvua ikinyesha ni ziwa. Wamesema hawatoki mpaka wapewe mahali pa maana. Karibu nusu ya akina mama ninaowazalisha wanatoka mtaa ule. Wananiuliza, "Sista, kaka yako si ndiye yule wa kofia?" Nawajibu ndiye.

Simwombei mtu kazi. Naomba hili moja tu. Zungumza huko juu wapewe muda na mahali. Wewe watakusikiliza.

Dada yako


20 Februari

WIZARA YA MAMBO YA NDANI
Ofisi ya Waziri

Ndugu,

Waziri ameelekeza nikujulishe kwamba barua yako imepokelewa. Suala la mtaa ulioutaja linashughulikiwa na mamlaka husika kwa kuzingatia sheria na maslahi mapana ya wananchi. Unashauriwa kuwahimiza wakazi kutoa ushirikiano.

Kwa niaba ya Waziri,
Katibu Muhtasi

[chini, kwa mkono]

Dada, shikamoo. Mambo kama haya usiyaandike kwenye barua, zinafunguliwa na watu wengine kabla yangu. Stendi ni ahadi ya Rais mwenyewe, aliitoa jukwaani. Mimi ni waziri, si rais. Msalimie Mama.


6 Aprili

Kimya,

Mama mzima. Shemeji yako mzima. Mimi mzima. Kama hii nayo itafunguliwa na wengine, na waisome vizuri.

Nakuandikia nilichokiona kwa utaratibu, kama tunavyoandika ripoti ya zamu.

Jumanne asubuhi niliitwa mtaa wa reli. Mwanamke alikuwa kwenye uchungu, na gari la wagonjwa lilishindwa kuingia kwa sababu polisi walikuwa wamefunga njia. Nikaenda kwa miguu na mkoba wangu. Askari walikuwa wamepangwa mstari kuanzia ghala la zamani mpaka kisimani, na matingatinga yanaunguruma nyuma yao. Watu wa mtaa walikuwa wamekaa chini mbele yao. Wamekaa tu, na masufuria yao na watoto wao. Miwani alikuwa katikati. Nilimwendea kuomba nipite. Akasema, "Dada, nisubiri kidogo," kwa sababu simu yake ilikuwa inaita.

Aliiweka sauti ya nje, akawaita masajini wake wasogee wasikie. Mimi hakuniambia niondoke.

Sauti ikasema, "Mbona bado?"

Miwani akasema, "Mheshimiwa, wamekaa chini. Kuna watoto."

"Toa amri."

"Nikitoa amri watu watakufa."

"Nimesema toa amli."

Ndivyo ilivyosemwa. Amli. Ulikuwa na umri wa kwenda shule na bado r ilikuwa inakushinda, watoto wakikucheka, ndiyo maana ukaamua kunyamaza na jina likakuganda. Mimi ndiye niliyekaa nawe nyuma ya nyumba nikikufundisha. Rudi, ruka, radi. Ulipona. Inarudi ukiwa umebanwa tu, na tangu tuwe watu wazima nimeisikia mara chache sana.

Miwani akasema, "Mimi siwezi. Nilikwambia siku ile pale langoni, na leo nakwambia tena." Akakata simu. Akawaambia askari wapande magari. Akanigeukia akasema, "Pita, dada."

Nilipita, nikamzalisha yule mwanamke. Mtoto wa kiume, mzima.

Jioni ile Miwani alivuliwa cheo. Alhamisi kikaja kikosi kingine kutoka nje ya wilaya, askari ambao hakuna aliyewafahamu, na hao hawakusubiri. Waliojeruhiwa tuliwapokea mpaka tukawalaza kwenye wodi yangu, kwenye vitanda vya wazazi. Wawili wamekufa. Mmoja ni fundi viatu wa pale kwenye kona, ukuta ulimwangukia akiwa amerudi ndani kuchukua vifaa vyake. Mwingine ni mwanamke niliyemzalisha mwaka jana. Yeye alipigwa risasi.

Jumamosi mke wa Miwani alijifungua mtoto wa kike. Nilipokuwa namsafisha nilimuuliza, "Langoni kulitokea nini?" Akanieleza. "Kaka yako alikuwa ameshainua mkono. Mume wangu alimwambia, afande, mimi siwezi, na askari wa karibu waliposikia wakainamisha bunduki. Kaka yako akageuka, akaona hakuna bunduki iliyoinuliwa. Ndipo akavua kofia." Nikamuuliza kwa nini mumewe hakuwahi kusema. Akasema hakuna aliyemuuliza. Na kwamba kwa kuwa siku ile hakuna aliyekufa, mumewe aliona mengine ni ya magazeti.

Kuhusu lango sina swali tena. Swali langu ni hili. Ulipoambiwa kuna watoto, ulisikia?

Dada yako


1 Juni

Kimya,

Hujajibu. Labda barua imepotea, ingawa za nyuma hazikupotea.

Mama anauliza kwa nini siku hizi sisomi barua zako kwa sauti. Nimemwambia una kazi nyingi.

Dada yako


22 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumai Mama hajambo. Barua hii anakuletea mtu wangu mkononi, na ukishaisoma naomba usiihifadhi.

Utakuwa umesikia kwamba Rais ameunda tume kuhusu matukio ya mtaa wa reli. Mwenyekiti ni jaji mstaafu, mama mmoja mkali. Upande wa Wizara umeshatoa maelezo kwamba siku ya Jumanne hapakuwa na maelekezo yoyote kutoka kwa Waziri, na kwamba mkuu wa polisi wa wilaya aliacha lindo kwa hiari yake, jambo lililosababisha vurugu za Alhamisi. Miwani anasema kulikuwa na simu. Masajini wake wamesema hawakumbuki.

Nimeambiwa jina lako liko kwenye orodha ya watakaoitwa, kwa kuwa ulionekana pale.

Huwezi kujua uzito wa kiti hiki mpaka ukikalie. Mambo yanakuja yameshaamuliwa, na kazi yako inabaki kuyasukuma. Nisingeyasukuma mimi angekuja mwingine, na huyo asingejenga choo hata kimoja. Vituo arobaini vina vyoo sasa. Haya gazeti haliyaandiki.

Hakuna anayekutaka useme uongo. Ulikuwa na haraka ya mgonjwa, matingatinga yalikuwa yanaunguruma, sauti ya simu ni sauti ya simu. Mtu anaweza kusema hana hakika. Mfikirie Mama, umri wake. Na wewe ni mtumishi wa serikali. Mimi sitafanya lolote la kukudhuru, lakini siwezi kuahidi kwamba nitaweza kukulinda.

Mdogo wako


9 Julai

Kimya,

Mama hajambo. Goti limetulia tangu mvua iishe. Mtoto wa Miwani ameanza kucheka, anacheka na kila mtu, hata na shemeji yako.

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa chuo cha ualimu. Viti vilikuwa vya wanafunzi, vile vyenye kibao cha kuandikia, kwa hiyo watu wazima walikuwa wamebanwa humo kama wameadhibiwa. Mtu wako alikuwa amekaa mstari wa mbele. Yule aliyeleta barua.

Jaji aliniuliza kama nilisikia simu. Nikasema nilisikia. Akaniuliza maneno yaliyosemwa, nikayasema. Wakili wa Wizara akasimama. Ni kijana, ana adabu. Akasema, "Sista, sauti ya simu inabadilika. Kulikuwa na kelele. Unaijuaje sauti ya Mheshimiwa Waziri?"

Nikasema, "Ni mdogo wangu."

Akasema, "Ndugu wengi wanafanana sauti."

Nikasema, "Mimi ndiye niliyemfundisha kutamka r. Akibanwa inamponyoka. Pale ilimponyoka."

Watu wengine walicheka. Jaji hakucheka. Aliniuliza, "Unajua kwamba unachokisema kinaweza kumwondoa kazini?" Nikasema najua. Akaniuliza kama nina ugomvi na wewe. Nikasema sina, ulipozaliwa nilikuwa wa pili kukubeba baada ya Mama.

Baada yangu sajini mmoja aliomba kurudi kwenye kiti. Akasema amekumbuka.

Nilitoka nje, nikashindwa kufungua chupa yangu ya maji. Miwani alikuwa kwenye ngazi. Hakunishukuru. Alinifungulia chupa, tukasimama pamoja mpaka shemeji yako alipokuja kunichukua.

Sikumfikiria Mama peke yake, kama ulivyoniomba. Nilikufikiria na wewe pia. Sikupata njia nyingine.

Dada yako


3 Januari

Dada,

Shikamoo. Miezi imepita, na sikuwa na la kuandika.

Ulisikia redioni kama mimi nilivyosikia redioni. Nilikuwa kwenye gari, dereva akaongeza sauti bila kujua, jina la waziri mwingine likasomwa kwenye wizara yangu. Akaendelea kuendesha. Tulipofika ofisini mlinzi alifungua geti lakini hakupiga saluti. Yule mzee wa chai aliniletea chai ya mwisho, akabisha hodi, akasubiri jibu.

Tumehamia nyumba yetu wenyewe, ile niliyoanza kuijenga nikiwa kamanda. Upande mmoja haujapigwa plasta. Jirani ananiita mzee, hajui zaidi ya hapo au anajifanya hajui. Simu inalia mara moja moja, mara nyingi ni mtu amekosea namba. Wifi yako amerudi kufundisha. Asubuhi nampigia pasi nguo, na nimegundua kwamba naweza kazi hiyo. Tume ilimsafisha Miwani, nimesoma. Nimesoma pia kwamba hakurudishwa kazini.

Nimesikia walikutoa wodi ya wazazi wiki ileile uliyotoa ushahidi. Hukuniandikia hilo. Kwa kweli sikuagiza mimi. Wala sikuzuia.

Swali lako la mwezi wa nne bado ninalo. Nimejaribu kulijibu mara nyingi, na kila nikianza naona naandika kama katibu muhtasi.

Ningependa kuja kumwona Mama, kama atapenda. Gari la serikali nilirudisha, na langu liko gereji halina dalili ya kutoka, kwa hiyo nitakuja na basi. Sijapanda basi la mikoani tangu nikiwa koplo. Nina ombi moja tu. Nisingependa kupita mtaa wa reli. Nielekeze njia nyingine.

Mdogo wako


19 Januari

Mdogo wangu Kimya,

Marahaba.

Sisi wazima. Niko stoo ya dawa. Ni pakavu, pana kivuli, na hakuna anayepiga kelele, nami nazitamani zile kelele za wodini. Miwani amefungua duka la vifaa vya ujenzi pamoja na shemeji yako. Wote wawili hawajui biashara, wateja wanapewa ushauri mwingi kuliko misumari. Mtoto wa Miwani anatembea sasa, akishika ukuta.

Mama nilimweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nimemficha, nikaona haifai uje akiwa hajui. Alisikiliza bila kunikatiza, na wewe unajua hiyo si kawaida yake. Nilipomaliza akaniuliza wale wawili waliokufa waliacha watoto wangapi. Nikamwambia. Asubuhi yake aliniambia chumba cha uani kifagiliwe na godoro lianikwe juani. Kwa hiyo njoo.

Kuhusu njia. Stendi imefunguliwa mwezi uliopita, na mabasi yote kutoka kwenu yanaishia hapo. Haina paa bado, ni uwanja wa kokoto na geti. Nimemuuliza shemeji yako, nimemuuliza na mkata tiketi mmoja, na jibu ni moja. Hakuna njia nyingine ya kuingia mjini.

Pale getini, ilipokuwa kona ya fundi viatu, kuna meza ya chai. Mwenye meza ni mjane wake. Ukitoka utamwona yeye kabla hujaniona mimi, na yeye atakujua, maana picha yako kila mtu aliiona. Sijui atakuambia nini. Sijamuuliza, na sitamwomba anyamaze. Simama, msalimie, umsikilize mpaka amalize.

Mimi nitakuwa ng'ambo ya barabara. Nitasubiri.

Dada yako